Tarehe ya Nani?

Barua ilifika Alhamisi, tarehe 10 Novemba 2022. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Jumanne, tarehe 8. Mama mkubwa alinipigia simu jioni, akajaribu kunisomea herufi moja moja yale maneno ya Kiingereza yaliyokolezwa wino, nami nikamwambia aiache mezani, nitapita. Nilidhani ni matangazo. Nilipofika nikaikuta imelazwa chini ya kasha la miwani, mahali anapoweka kila kitu kinachotoka serikalini. Ilikuwa ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti yetu, huku Marekani. Ilisema bahasha ya kura yake ya posta ina kasoro kwenye tarehe, na kwamba akitaka kura hiyo ihesabiwe afike ofisini kabla ya saa mbili usiku, siku ya uchaguzi.

Siku ya uchaguzi ilikuwa juzi.

"Wanasemaje?" akaniuliza.

"Wanasema tarehe uliyoandika siyo. Uliandika tarehe gani, mama?"

"Yangu," akajibu, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mwanawe.

Tarehe yake ni 1 Januari. Waliopitia kambi za wakimbizi wameshanielewa, maana nusu ya ukoo wetu tumezaliwa siku hiyo hiyo. Karani wa uandikishaji asipopata siku wala mwezi huandika ya kwanza ya mwezi wa kwanza, anaita anayefuata. Mama mkubwa anajua hakuzaliwa siku hiyo. Lakini tangu siku ile, kila karatasi iliyowekwa mbele yake ikisema tarehe ilikuwa inataka hiyo: ya hospitali, ya safari, ya ukaazi, ya uraia. Bahasha ya kura ilitaka tarehe ya siku aliyotia sahihi. Akaipa ile ambayo karatasi zote zilizotangulia zilimdai.

Na niseme kosa langu mapema. Maelekezo yaliyokuja na kura yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mama mkubwa hakuyafuata hayo. Alifuata ya kwangu, niliyompa kwa simu nikiwa kazini, sikio moja kwake, la pili kwa bosi: "Karatasi iweke kwenye bahasha ndogo, ufunge. Ndogo uitie kwenye kubwa, ufunge. Nyuma weka sahihi na tarehe." Nilisema tarehe. Sikusema ya leo. Kichwani mwangu "leo" ilikuwemo, maana fomu zao nimeshazizoea. Kichwani mwake haikuwemo, na pale mezani hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Kwa msomaji ambaye siku zote amepanga foleni kituoni, nieleze kidogo. Pennsylvania, jimbo tunaloishi, ilipitisha sheria 2019 ya kumruhusu kila mpiga kura kutumia posta bila kutoa sababu. Mwaka uliofuata korona ikaingia, na watu zaidi ya milioni mbili wakajikuta wanajifunza jambo jipya kwa wakati mmoja, kila mmoja kwake. Unaletewa karatasi ya kura, bahasha ya siri, bahasha ya kurudishia na maelekezo. Kura inaingia kwenye bahasha ya siri isiyo na jina lako, hiyo nayo inaingia kwenye ya kurudishia, ambayo nyuma ina kiapo, sahihi na tarehe. Ikifika ofisini inapitishwa kwenye mashine na kupigwa muhuri wa siku iliyofika.

Huo muhuri ndio unaoonyesha kama kura imewahi. Tarehe uliyoandika wewe haisemi lolote kuhusu hilo. Hata hivyo sheria ilitaka iwepo, na mahakama zimekuwa zikivutana juu yake miaka na miaka. Tarehe 1 Novemba 2022, siku saba kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliagiza kwamba bahasha zisizo na tarehe, au zenye tarehe isiyo sahihi, ziwekwe kando bila kuhesabiwa. Bahasha ya mama mkubwa ilikuwa imeshafika ofisini siku kumi kabla ya agizo hilo. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba kutupa kura kwa sababu ya tarehe ni kinyume cha katiba. Nilimpigia kumwambia. Akauliza kama sasa watakwenda kuitafuta ile ya kwake.

Nilipoanza kufuatilia mambo haya nilidhani ni vioja vya jimbo letu. Kumbe Uingereza wana ugonjwa huo huo, ila umegeuzwa. Kule mpiga kura wa posta anajaza tamko lenye sahihi na tarehe ya kuzaliwa, ili vilinganishwe na vilivyo kwenye kumbukumbu. Na kosa mojawapo linalojirudia ni lipi? Watu kuandika tarehe ya siku hiyo. Kwa hiyo huku karatasi inataka ya leo, watu wanaandika ya kuzaliwa. Kule inataka ya kuzaliwa, watu wanaandika ya leo. Ningekuwa na uwezo ningewakutanisha mama mkubwa na bibi mmoja wa Leeds wabadilishane bahasha.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba tatizo ni uzembe. Kituoni kuna mtu. Ukikosea mstari anakuelekeza, ukiharibu karatasi anakupa nyingine, ukisimama na uso wa kupotea yupo atakayekuuliza una shida gani. Ukimwandikia tarehe ya kuzaliwa pasipotakiwa anakwambia, "Hapana, ya leo," unakata, unaandika upya, mnacheka, yamekwisha. Hata hukumbuki kwamba ulikosea. Kwenye kura ya posta mtu huyo ameondolewa, na kazi yake yote amepewa bahasha. Bahasha inasema mara moja, wewe unajibu mara moja, na kama hamkuelewana utajua baadaye, au hutajua kabisa. Ndiyo maana nashangaa mwenye ofisi akisema, "Maelekezo yalikuwepo." Yalikuwepo, ndiyo. Hata kituoni maelekezo yamebandikwa ukutani, na bado wanaajiri makarani.

Sasa nirudi kwenye neno moja lililonisumbua kuliko tarehe. Mwishoni mwa Oktoba, mjukuu wa mama mkubwa alipata barua pepe kutoka kwenye mfumo wa uchaguzi, kwa sababu anwani iliyojazwa kwenye ombi ilikuwa yake. Ilisema kura ya bibi yake imefika ofisini. Kijana akamtafsiria vizuri tu: "Bibi, kura yako imepokelewa." Mama mkubwa akainua mikono akasema alhamdulillah, akanipigia na mimi kunipa habari njema.

Fikiria neno hilo katika Kiswahili. Dua ikipokelewa maana yake nini? Toba ikipokelewa? Hatusemi dua imefika mlangoni inasubiri kukaguliwa. Kupokelewa ndiko kukubaliwa. Katika Kiingereza cha ofisi yale ni maneno matatu tofauti, moja la kufika, moja la kukubaliwa, moja la kuhesabiwa, na katikati yake kuna vyumba, meza na watu ambao mpiga kura hawaoni. Ujumbe ulikuwa wa kweli. Kijana hakukosea tafsiri. Lakini kilichomfikia mama mkubwa ni kwamba mambo yamekwisha, akaacha kuulizia, nami nikaacha. Kama ujumbe ungesema "imefika, bado hatujaikagua, angalia tena Ijumaa," tungeangalia tena Ijumaa. Ninao uhakika, kwa sababu huyu ni mtu anayeamka usiku kuhakikisha jiko limezimwa.

Wapo walioliona hili mapema. Denver, jiji la jimbo la Colorado, walianza 2009 kuwatumia wapiga kura ujumbe wa kufuatilia bahasha zao kama mtu anavyofuatilia kifurushi. Na katika jimbo zima la Colorado, sahihi yako ikitiliwa shaka unapewa siku nane baada ya uchaguzi kurekebisha, na unaweza kufanya hivyo kwa simu. Huku kwetu ilitegemea kaunti. Kaunti moja inakupigia, nyingine inabandika orodha ya majina kwenye tovuti, nyingine haikwambii kitu. Yetu ilituma barua. Kwa posta.

Texas walipata somo lao mwaka huo huo wa 2022, na nalipenda somo hilo kwa sababu linaonekana kwa macho. Sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia ilitaka mpiga kura aandike namba ya kitambulisho, leseni ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, na iwe ile iliyomo kwenye faili lake. Namba hiyo waliiwekea nafasi wapi? Chini ya ulimi wa bahasha, yaani ile sehemu unayoikunja na kuigandisha. Sababu walikuwa nayo, namba ya siri isisomwe njiani. Lakini jaribu mwenyewe na bahasha yoyote iliyo karibu nawe. Mkono unafanya kazi kwa mazoea: unatia karatasi, unakunja, unabana. Jicho halina shughuli chini ya ulimi. Na wewe uliyetazama pale ukaona kisanduku, utajuaje kwamba miaka mingi iliyopita ulijiandikisha kwa leseni na si kwa zile tarakimu nne? Kwenye uchaguzi wa awali wa Machi 2022, ule wa kuteua wagombea wa vyama, zilikataliwa kura za posta zaidi ya 24,000, karibu asilimia 12 ya zilizorudishwa. Watu 24,000 hawawezi kuamka siku moja wakiwa wazembe wa aina moja. Mbali na hapo, kura nyingi hizo zilikuwa za wazee, kwani Texas ukishatimiza miaka 65 unaruhusiwa posta bila maswali, na wazee wamekuwa wakipiga kura hivyo kabla ya waliotunga sheria kuota ndevu.

Bahasha ya siri nayo ina mkasa wake. Septemba 2020 mahakama ya jimbo letu iliamua kwamba kura iliyorudi bila bahasha hiyo ya ndani haihesabiki. Zikaitwa kura za uchi. Ofisa mmoja wa uchaguzi wa Philadelphia akaonya kwamba kura kama 100,000 zinaweza kupotea jimbo zima, na hapo watu wakachachamaa: mastaa wakajirekodi wakiwa hawana nguo wakieleza namna ya kufunga bahasha, na madiwani wawili wanawake wa kaunti ya Allegheny wakapiga picha vifua wazi kwa sababu hiyo hiyo. Mama mkubwa aliona moja ya picha hizo kwenye simu ya mjukuu akadhani ni mambo mengine kabisa, simu ikafichwa wiki nzima. Ila ukiacha kicheko, jiulize: bahasha ya aina gani inahitaji watu wavue nguo ili ieleweke? Ilikuwa nyeupe, haina anwani, haina mahali pa kuandika. Mtu akifungua furushi na kukuta bahasha tupu isiyo na jina, anachoona ni bahasha ya akiba.

Nchi nyingine hata wino haukuwa tatizo. Austria, 2016, marudio ya uchaguzi wa rais yalitakiwa kufanyika tarehe 2 Oktoba. Yakasogezwa hadi 4 Desemba kwa sababu gundi ya bahasha za posta ilikuwa inaachia. Nchi nzima iliahirisha kumchagua rais kwa ajili ya gundi, na mimi nasema walifanya vyema. Waliona bahasha mbovu wakasema ni mbovu, hawakuwaambia wananchi wabane kwa nguvu.

Na ratiba? Sheria ya jimbo letu inakuruhusu kuomba kura ya posta mpaka Jumanne moja kabla ya uchaguzi, saa kumi na moja jioni. Kura yenyewe lazima iwe ofisini kufikia saa mbili usiku Jumanne inayofuata, na muhuri wa posta hausaidii. Yaani katika siku saba ombi lishughulikiwe, kura ichapwe, ije kwako, uijaze, irudi. Kila anayeisoma sheria anahisi bado ana wiki. Anayeijua posta anajua ameshachelewa, achukue gari aipeleke mwenyewe. Shirika la posta lilijua hatari hiyo, na Septemba 2020 likatuma kadi kwa kaya zote za nchi kuwahimiza watu waombe kura angalau siku 15 kabla. Nia njema. Isipokuwa kwamba kuna majimbo, Colorado likiwemo, ambako huombi chochote, kura inakujia yenyewe. Wakazi wa huko walipoambiwa waombe walianza kujiuliza kama wameondolewa kwenye daftari, na Colorado ikalipeleka shirika mahakamani. Kadi moja, majimbo hamsini.

Kuhusu lugha nisirefushe, ingawa ndipo panaponiuma. Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kwa marekebisho ya 1975, inazilazimisha kaunti fulani kutoa karatasi kwa lugha za wachache, lakini inataja makundi manne tu: wenye asili ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kuja na msaidizi umtakaye, mradi si mwajiri wako wala mtu wa chama chako cha wafanyakazi. Kwa hiyo Kiswahili kinaingia kwenye uchaguzi kupitia mtu, mpwa aliye kazini na simu sikioni. Ubora wa maelekezo ya mama mkubwa ulikuwa ubora wa dakika zangu tatu.

Basi 2024 nikaamua kufanya kwa utaratibu. Niliandika karatasi moja ya Kiswahili, herufi kubwa, nikaipeleka kwa wazee watano tunaofahamiana, pamoja na bahasha mbili tupu nilizozichora mwenyewe. Nikawaomba wafanye kama ndiyo siku yenyewe, nami nikakaa pembeni mdomo nimeufunga. Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, jaribu uone. Watatu walitia kura moja kwa moja kwenye bahasha kubwa. Ile ndogo mmoja aliikunja akaiweka mfukoni, itamfaa baadaye. Mzee mmoja alisoma karatasi yangu yote mpaka mwisho, akaiweka chini, akavua miwani, kisha ndipo akaanza kazi, na bila shaka alikuwa ameshasahau nusu. Nilikuwa nimeandika: "Kumbuka kuweka tarehe ya siku unayotia sahihi." Mama mkubwa akaisoma kwa sauti, akainua kalamu, akaandika 1 Januari.

"Mama, hapo umeandika nini?"

"Si umesema nikumbuke? Hiyo ndiyo ninayoikumbuka."

Nikafuta sentensi nzima. Karatasi ya pili niliikata vipande, kila kipande kikabandikwa pale pale mkono unapofika. Kwenye bahasha ndogo: KURA INAINGIA HUMU. Kwenye mstari wa tarehe: LEO NI TAREHE NGAPI? Swali, si amri. Swali lina jibu moja, na jibu hilo hulitoi kwenye kumbukumbu, unatazama kalenda au unamuuliza mtu.

Mwaka huo jimbo nalo lilikuwa limebadilisha bahasha. Ya siri ilikuwa ya njano, huwezi tena kuidhania ya akiba. Kwenye tarehe waliweka visanduku, na mwanzo walichapa "20" wakamwachia mpiga kura amalizie mwaka. Kwenye uchaguzi wa awali wa Aprili wapo walioandika mwezi na siku wakaacha viwili vya mwisho vitupu, wakiona mwaka umeshaandikwa. Kufikia Novemba wakachapa 2024 nzima. Kwa hiyo hata wao walijifunza kwa kuwatazama watu wakikosea, na siwacheki, maana mimi na karatasi yangu tumepita njia ile ile.

Jumamosi moja ya Oktoba, asubuhi, simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na tisa. Lakini anza na mwezi. Kumi, halafu kumi na tisa."

"Mwezi mbele ya siku?"

"Ndiyo, wao huanza na mwezi."

"Na mwaka wameshaniandikia."

"Wameshakuandikia."

Akanyamaza. Nikasikia miwani ikifunguliwa, kiti kikivutwa, kisha kalamu.